Mtoto, Joto na Maji: Kuchagua Mahali pa Kuogea katika Bonde la Kilombero

Kati ya mwezi wa Oktoba na mwezi wa Desemba, kabla mvua hazijashika, joto huzidi katika mji wa Ifakara. Mara kwa mara kipimajoto hupita nyuzi 30 za Sentigredi wakati wa mchana, na hewa ya bondeni, iliyokingwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, hutulia pasipo upepo wa kutosha. Saa hizo watu wazima hutafuta kivuli cha mwembe. Watoto hutafuta maji. Watokapo shuleni huvua mashati njiani, na kabla mzazi hajajua, wamekwisha kujitosa katika dimbwi, katika shimo la zamani la kufyatulia matofali, katika mfereji wa shamba la mpunga au ukingoni mwa mto.

Wazazi wengi huliona jambo hili kuwa ni utundu, nao hulijibu kwa fimbo. Sayansi hulitazama kwa namna nyingine. Mtoto anayekimbilia maji wakati wa joto anatii haja ya kweli ya mwili wake. Linalopasa kuulizwa ni hili: aende kwenye maji yapi, mahali gani na saa ngapi? Katika bonde la Kilombero jibu la swali hilo laweza kuamua afya ya mtoto kwa miaka mingi ijayo, na mara nyingine laweza kuamua uhai wake.

Haja ya mwili

Mwili wa binadamu hufanya kazi vema ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Mtu anapokimbia au kufanya kazi juani, joto hilo hutaka kupanda, na mwili hulizuia hasa kwa kutoa jasho. Jasho lenyewe halipozi kitu likiwa bado ni maji, hupoza linapokauka. Kila gramu moja ya maji inayogeuka kuwa mvuke juu ya ngozi huondoka na kalori 580 hivi za joto. Ukubwa wa kiasi hicho huonekana ukikumbuka kwamba kuipasha gramu hiyohiyo ya maji kwa nyuzi moja huhitaji kalori moja tu.

Hesabu ndogo yaonyesha nguvu ya jambo hili. Chukua mtoto mwenye uzito wa kilo 20. Vijiko viwili vya chakula vya maji, yaani gramu 30 hivi, vikikauka juu ya ngozi yake, na kama joto lote la kuyakausha lingetoka mwilini mwake, vingetosha kuupoza mwili huo kwa nyuzi moja nzima. Ni kweli kwamba sehemu ya joto hilo hutoka hewani, na kwamba mwili huendelea kutengeneza joto jingine. Hata hivyo funzo la hesabu hubaki palepale: ili apoe, mtoto hahitaji ziwa wala kina kirefu. Anahitaji ngozi iliyolowa, kivuli na upepo kidogo.

Wakati wa masika mambo hubadilika kiasi. Hewa ya bondeni huwa imejaa unyevu, jasho huchuruzika bila kukauka, na joto la nyuzi chache huchosha kuliko joto kubwa la kiangazi. Hapo maji ya kumwagika mwilini husaidia kwa njia nyingine, kwa kuwa maji hulichukua joto kutoka kwenye ngozi mara ishirini na zaidi kuliko hewa iliyotulia. Lakini hata katika hali hiyo, maji machache yanayotiririka yatosha.

Bonde lenye maji ya kila namna

Mtu hawezi kusema kwamba Kilombero ina uhaba wa maji. Mito mingi inayoshuka kutoka milimani hukutana bondeni na kuuunda mto Kilombero, ambao mwishowe huungana na mto Luwegu na kuzaa mto Rufiji. Kila mwaka mto hufurika na kulifunika tambarare, kisha hurudi katika njia yake na kuacha nyuma yake madimbwi, vinamasi na ardhi yenye rutuba ya kulimia mpunga. Mwaka 2002 eneo hilo la mafuriko, lipatalo kilomita za mraba 8,000, liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu mkubwa duniani, chini ya Mkataba wa Ramsar.

Lakini maji ya aina moja hayafanani na maji ya aina nyingine. Mto mkuu una mamba na viboko, na mkondo wake wa chini hauonekani na mtu aliyesimama ukingoni. Mamba hulala kimya karibu na mahali ambapo watu huteka maji au huoga kila siku, kwa kuwa hujifunza mazoea ya windo lake. Tangu daraja la Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, watu hawahitaji tena kivuko ili wafike Ulanga na Malinyi. Lakini mto unaopita chini ya daraja ni uleule wa zamani, na watoto wa kandokando yake bado wanaukabili kila siku.

Kwa kuuogopa mto, wazazi wengi hufarijika wanapowaona watoto wao wakichezea dimbwi dogo lililo nyuma ya nyumba. Maji yake yametulia, kina chake ni cha kiunoni, wala mamba hakai humo. Ni hapo hasa ambapo hatari nyingine husubiri, hatari isiyo na meno wala sauti.

Saa sita mchana

Hatari hiyo ni kichocho. Mdudu aletaye kichocho cha mkojo huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu cha binadamu. Mayai yake hutoka pamoja na mkojo, na mkojo ukiingia katika maji, mayai huanguliwa na kutoa viluwiluwi vidogo vinavyotafuta konokono wa aina maalumu. Ndani ya konokono vijidudu hivyo huzaliana kwa wingi kwa muda wa majuma kadhaa. Kisha hutoka wakiwa na umbo jipya, wenye mkia uliogawanyika kama panda, wakiogelea wakimtafuta binadamu. Hawahitaji kunywewa, hupenya katika ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Konokono mmoja aweza kutoa mamia ya vijidudu hivi, na pengine maelfu, kwa siku moja.

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani na jua. Dimbwi likikauka hawafi wote. Baadhi yao hujificha katika tope na kuamka mvua zinaponyesha tena. Kwa hiyo dimbwi lililokauka mwezi wa Oktoba laweza kuwa na vijidudu tena baada ya mvua za mwanzo kulijaza.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni saa. Vijidudu vya kichocho cha mkojo havitoki katika konokono usiku. Huamshwa na mwanga na joto la mchana, na wengi wao hutoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kilele kikiwa karibu na saa sita. Baada ya kutoka huweza kuishi hadi siku mbili, lakini nguvu yao ya kupenya ngozi hupungua kadiri saa zinavyopita. Hivyo basi, saa ambayo jua humsukuma mtoto majini ndiyo saa ambayo jua hilohilo huwatoa vijidudu katika konokono. Na mtoto mwenye kichocho, akijisaidia haja ndogo ndani ya maji kama watoto wengi wafanyavyo wakiogelea, huyatia maji mayai mapya kwa ajili ya konokono walio tayari.

Dalili ya kwanza inayofahamika ni damu katika mkojo. Katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo ilizoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa ni alama ya kukua kwa mvulana. Dhana hiyo ni ya hatari. Kichocho kisichotibiwa hupunguza damu, hudumaza ukuaji, na baada ya miaka mingi huharibu kibofu na figo. Kwa baadhi ya wagonjwa huleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana na wanawake huweza kujeruhi viungo vya uzazi.

Walichosema wanafunzi

Ifakara imechangia sana katika kuujua ugonjwa huu. Mwaka 1957 Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, ikiongozwa na Profesa Rudolf Geigy, ilianzisha hapo maabara ya utafiti, ambayo kwa kupita miaka imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1983 ulichapishwa uchunguzi juu ya mambo yanayosababisha kuenea kwa kichocho cha mkojo katika mji huo, na katika miaka hiyohiyo kijiji cha Kikwawila, kilicho karibu, kilichunguzwa kwa makini kuhusu afya ya watoto na minyoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uswisi walijaribu njia mpya katika wilaya za Kilosa na Kilombero. Badala ya kuanza kwa kupeleka hadubini katika kila shule, walituma karatasi za maswali kupitia utaratibu wa kawaida wa idara ya elimu. Walimu waliwauliza wanafunzi maswali mepesi kuhusu maradhi waliyoyapata siku za karibuni, kichocho kikiwa mojawapo. Matokeo yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, ilionekana kwamba majibu ya watoto yaliziainisha vema shule zenye kichocho kingi na zile zenye kichocho kidogo. Njia hiyo, iliyokuwa rahisi kwa gharama, ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika.

Matokeo hayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Mtoto wa Kilombero aliujua ugonjwa wake, aliuita kwa jina, naye alisema kweli alipoulizwa. Mtoto wa namna hiyo aweza pia kueleza ni dimbwi gani yeye na wenzake huogelea, na kwa sababu gani.

Kukataza hakutoshi

Elimu ya kichocho si jambo geni nchini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, na kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi waliyojifunza. Leo dawa ya prazikuanteli hutolewa kwa wanafunzi, nayo huua minyoo mikubwa vizuri. Lakini dawa hiyo haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Akimeza kidonge asubuhi na kurudi dimbwini mchana, safari huanza upya.

Mabango ya kukataza nayo yana mipaka yake. Mtoto huambiwa asiingie katika maji, lakini haambiwi aingie wapi. Na joto halisomi bango. Kwa sababu hiyo, watafiti wa nchi mbalimbali waliamua kuwapa watoto maji mengine. Katika kisiwa cha Saint Lucia, katika bahari ya Karibiani, utafiti wa miaka ya 1970 ulipeleka maji ya bomba majumbani, ukajenga mahali pa kufulia na kuogea, na pia vidimbwi vya saruji vya kuchezea watoto. Watu walipunguza kwenda mtoni, na maambukizo mapya yakapungua.

Nchini Ghana, katika mji wa Adasawase, kilijengwa kidimbwi cha saruji kwa ajili ya michezo ya watoto, chenye maji yasiyo na konokono. Watoto walitibiwa kwanza, kisha wakalinganishwa na watoto wa mji mwingine ambao haukuwa na kidimbwi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba watoto wa Adasawase waliambukizwa tena kwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao. Huko Unguja na Pemba pia, katika mpango wa kupambana na kichocho ulioendeshwa katika miaka ya 2010, wananchi walishiriki kubuni majukwaa ya kufulia, vyoo vya haja ndogo karibu na maji, na michezo ya watoto isiyowalazimu kuingia mtoni.

Kiwanja cha manyunyu

Katika miji mingi ya Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, haja hii hutimizwa kwa kiwanja cha manyunyu. Hicho ni kiwanja cha sakafu ngumu ambamo maji hurushwa juu kutoka katika matundu, yakawanyeshea watoto na kuingia mara moja katika mfereji. Hakuna maji yanayosimama, kwa hiyo hatari ya mtoto kuzama huwa ndogo sana.

Uzuri wa kiwanja hicho una sharti lake. Mwaka 2005, katika bustani ya Seneca Lake katika jimbo la New York, watu zaidi ya 3,000 waliugua kuharisha baada ya kuchezea manyunyu ambayo maji yake yalikusanywa na kurushwa tena. Kijidudu kilichosababisha, kiitwacho kriptosporidiamu, hustahimili klorini. Funzo lake ni kwamba maji yaliyokwisha kupita miilini mwa watoto yasirudishwe kwao, isipokuwa pakiwa na mitambo ya kuyasafisha ipasavyo.

Kijiji cha Kilombero hakihitaji mitambo hiyo. Mkoa wa Morogoro una uzoefu wa visima vifupi vyenye pampu za mkono tangu mwaka 1978, ulipoanza mradi wa visima uliosaidiwa na Uholanzi. Kisima kilichofunikwa, chenye jukwaa la saruji, hakina jua wala majani ya kuwalisha konokono, na vijidudu vya kichocho havimo. Kinachohitajika ni kuongeza sakafu ya saruji au kokoto mita kadhaa kutoka kisimani, iwe na mteremko mdogo, na mtaro wa kuyapeleka maji kwenye migomba au bustani ya mchicha. Umbali huo walinda kisima, na mtaro huzuia madimbwi ambamo mbu wa malaria huzaliana. Mbu huyo huhitaji muda wa juma moja hivi tangu yai hadi kuruka; maji yanayokauka siku hiyohiyo hayamfai.

Manyunyu yenyewe hutengenezwa kwa ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu kumi yenye upana wa milimita 3 na kutundikwa juu ya kichwa cha mtoto katika tawi imara. Ndoo ya namna hiyo huchukua dakika tano hadi saba kuisha. Ndoo chache mchana mmoja hulowesha kundi zima la watoto, na maji hayo hayapotei bure: mchicha huyanywa jioni.

Kuchagua katika maji yaliyopo

Hata hivyo si kila familia iko karibu na pampu, hasa wakati wa kilimo, ambapo watu wengi huhamia mashambani na kukaa katika madungu mpaka mpunga ukomae. Hapo busara ya kuchagua huhitajika.

Maji ya mvua yanayotiririka kutoka katika bati ni salama kwa mchezo, mradi hakuna radi. Maji ya mfereji au ya dimbwi yaliyochotwa na kuwekwa siku mbili kamili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono hata mmoja, hayana tena vijidudu hai vya kichocho na hufaa kuogea, ingawa hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Vijito vya Udzungwa vinavyoshuka kwa kasi kwenye mawe havipendwi na konokono, ila pembeni, ambako maji huzunguka na kutulia penye majani, tahadhari ni ileile. Familia zinazotembelea maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, hupata maji baridi chini yake. Hapo hatari ni utelezi wa mawe na kina kisichopimika kwa macho, na mtoto asiachwe peke yake.

Maji yanayofaa kuepukwa kabisa ni mto mkuu wakati wowote, na wakati wa mchana ni dimbwi lolote lililotulia, lenye majani na konokono, lililo karibu na makazi. Kujifuta kwa taulo baada ya kutoka huko si kinga ya kutegemewa, kwa kuwa kijidudu huwa kimekwisha kupenya. Mtoto aliyekwisha kuingia apelekwe kupimwa, asichapwe. Mtoto anayeogopa fimbo huficha mkojo wenye damu.

Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo la kumfikishia kila mwanakijiji maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Lengo hilo halikutimia kwa wakati, na kazi yake ingali inaendelea. Waliolipanga walifikiria maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia. Yafaa sasa halmashauri za vijiji, kamati za maji na walimu, wanapopanga mahali pa kuchimba kisima kipya, watenge pia hatua chache za saruji kwa ajili ya watoto. Kisha wawaulize watoto wenyewe wangependa kiwanja hicho kiwe wapi. Wanafunzi wa Kilombero walikwisha kuthibitisha kwamba wakiulizwa hujibu kweli. Na kiwanja kilicho mbali kuliko dimbwi, saa sita mchana, hakitakuwa na mtu.